Hanywi pombe, hana mawe ya nyongo, kongosho limevimba: rudini kwenye kalsiamu

Mkuu, umeuliza kama kalsiamu ya juu damuni, 3.1 mmol/L, aliyokutwa nayo kaka yako ndiyo imemvimbisha kongosho, maana pombe hagusi na utrasaundi haikuona mawe kwenye nyongo. Inawezekana kabisa. Mimi yalinikuta.

Maumivu yalianzia chembe ya moyo yakatokea mgongoni. Nafuu ilikuwa kukaa nimeinama tu. Lipase, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu, ikasoma juu sana. Daktari akauliza, "Bia ngapi kwa siku?" Sijawahi kuonja. Mke wangu pale pembeni akaanza kunitazama kwa jicho la wasiwasi! Nikawekewa dripu, nikapona, nikarudi nyumbani. Miezi mitano baadaye, yale yale.

Safari hii daktari kijana akafukua faili langu. Kalsiamu siku ya shambulio la kwanza ilikuwa 2.5, kawaida tu, mwisho wa kipimo ukiwa kama 2.6. Akaniambia hiyo inadanganya: kongosho likiwaka, mafuta ya jirani yake yanayeyushwa na kunasa kalsiamu, kwa hiyo damuni inashuka. Akanipima tena nilipotulia: 2.9. Kumbe hata jiwe la figo lililonitesa miaka mitatu nyuma lilikuwa ndugu wa tatizo hilohilo.

Alivyonieleza, kongosho hutengeneza vimeng'enya vikiwa vimelala, viamkie kwenye utumbo mdogo. Kalsiamu ikizidi ndani ya seli zake, tripsini, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo, inaamkia humohumo, na kongosho linaanza kujimeng'enya lenyewe. Ikikaa muda mrefu inaweza pia kuganda vijiwe kwenye mirija yake.

Kwa hiyo mwombeni daktari ampime homoni ya parathiroidi, yaani PTH, ile inayopandisha kalsiamu damuni, pamoja na kiwango cha vitamini D. Pelekeni na dawa zote anazomeza, hasa vidonge vya presha vya kukojoza vya jamii ya thiazaidi na vile vya vitamini vya kujinunulia. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Na msihangaike kumnyima maziwa mkidhani ndiyo tiba, kwa kawaida chanzo hakipo kwenye kikombe.

Kwangu PTH ilikuwa juu. Tezi moja kati ya zile nne ndogo za shingoni zinazotengeneza PTH, nyuma ya thairoidi, ilikuwa imevimba, ikatolewa. Kesho yake midomo na vidole vikaanza kufa ganzi. Nesi akaja na vidonge mkononi. Nikamuuliza vya nini. Kalsiamu.