Malipo ya Bloku Yakiisha, Nani Atachimba Bitcoin?

SWALI: Mambo vipi, mi nafuatilia Bitcoin muda sasa na kuna kitu kinanisumbua, kila baada ya kama miaka minne wachimbaji (wenye mashine zinazohakiki miamala) wanakatwa malipo nusu, sasa siku hawapewi kitu si watazima mashine wote na sarafu zetu zipotelee hewani? Au ndo sielewi?

JIBU: Unaelewa vizuri tu, ila umeogopea pasipo. Mwaka 2009 aliyepata bloku moja (kifurushi cha miamala) alikuwa anapewa bitcoin 50, tangu Aprili 2024 ni 3.125, kama 450 hivi kwa siku dunia nzima, na zitaendelea kukatwa hivyo hivyo mpaka karibu 2140 (mi na wewe hatupo). Lakini mashine kuzimwa peke yake hakuui mtandao. Kila bloku 2,016, kama wiki mbili, mtandao wenyewe unarekebisha ugumu wa kupata bloku, wakitoka wengi kazi inakuwa rahisi kwa waliobaki na faida inarudi.

Balaa liko hapa: nguvu ya kuchimba ikishuka sana, mwenye hela anaweza kukodi nguvu kuwazidi wote waliobaki halafu akafuta miamala ambayo watu walishaihesabu imelipwa. Na si hadithi, sarafu nyingine, Ethereum Classic, ilipigwa hivyo 2020, tena zaidi ya mara moja.

Sasa watetezi wanasema ada za miamala, zile anazolipa mtumaji, zitaziba pengo. Mmh. Ada hazitabiriki hata kidogo, kwenye bloku ya 840,000, ile ile ya kukata malipo 2024, ada peke yake zilipita bitcoin 37 maana watu waligombania kuingia humo, baadaye zikaporomoka, sasa mchimbaji ndo mlinzi wa mtandao, mlinzi gani anakubali mshahara wa hivyo? Na wale wanaosema bei itapanda mara mbili kila miaka minne milele na kufidia makato hayo, hebu wakae chini wapige hesabu.

Wenzao wa sarafu nyingine walijiongeza mapema. Monero tangu 2022 wanatoa 0.6 kila bloku bila mwisho, Dogecoin 10,000, Ethereum ndo waliachana na uchimbaji kabisa Septemba 2022. Kwa watu wa Bitcoin kugusa ile milioni 21 (kikomo cha bitcoin zote) ni kama kufuru, ila mi naona mjadala huo utarudi tu wapende wasipende.

We cha kuangalia ni ada zinachukua sehemu gani ya mapato ya mchimbaji, kama malipo yanazidi kukatwa na zenyewe bado ni vijisenti, hapo na mi ntaanza kuogopa na wewe.