Kocha asiyefoka alivyonifundisha kusimamia watu

Nilipofika Indianapolis mwaka 2006 sikuwa najua chochote kuhusu futiboli ya Kimarekani, niliona tu majitu yanagongana basi. Nilikuwa nafanya kazi ghalani shifti ya usiku na wenzangu wote washabiki wa Colts, timu ya hapo mjini, ndo nikaanza kumfuatilia kocha wao Tony Dungy. Kilichonivuta ni kwamba jamaa hapigi kelele. Timu inafungwa, yeye kasimama pembeni na hedifoni zake, katulia tuli.

Januari 2007 ile mechi na Patriots, Colts wako nyuma 21 kwa 3, mi nikajua hiyo imeisha. Hakupaniki, wakarudi wakashinda 38 kwa 34, halafu wiki mbili baadaye wakawapiga Bears 29 kwa 17 na Dungy akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi kubeba Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi yao. Siku ile nililia jamani.

Mwaka uliofuata nikapewa usupavaiza, watu 11 chini yangu. Na sijui yale yote niliyoyaona yalienda wapi, nikawa mkali, namfokea mtu mbele ya wenzake nikidhani ndo uongozi. Ndani ya miezi miwili wanne wakaacha kazi, na waliobaki kitu kikiharibika wananificha. Hapo ndo paliniuma zaidi, maana mtu akikuogopa hakuletei habari mbaya mapema, anakuja nayo ikishakuwa msiba.

Nikarudi kumsoma vizuri huyu kocha. Kumbe kabla ya Colts alikuwa kocha wa timu ya Tampa Bay, na msimu wake wa kwanza, 1996, alipoteza mechi 8 kati ya 9 za mwanzo! Mwingine angepindua kila kitu. Yeye akang'ang'ania vitu vilevile, ulinzi usio na mambo mengi, kila mchezaji ajue eneo lake na akimbilie mpira, mwaka uliofuata wakaingia mtoano. Bado Januari 2002 wakamtimua, na msimu uliofuata tu timu ileile, na mabeki aliowalea yeye, ikabeba ubingwa chini ya kocha mwingine. Hebu fikiria maumivu hayo. Na kule Indianapolis hakuanza kufoka, alienda na sauti yake ileile.

Kwa hiyo wewe uliyepewa watu juzi juzi, nakuomba, aliyekosea mwite pembeni, muulize kwanza, ongea taratibu. Kila mtu awe na kazi moja anayoijua barabara, na usibadilishe utaratibu kila wiki eti kwa sababu bosi wa juu anakupa presha. Itachelewa kuonekana, mi ilinichukua karibu miezi sita mpaka usiku mmoja kijana akanifuata mwenyewe, "kaka, lile lori nimelipakia mzigo siyo, ila bado halijatoka." Tukaenda tukaushusha wote wawili.