"Jifunze sanaa na uiweke kando": tafsiri hii imeharibikia wapi?

SWALI: Nimekuta methali ya Kitaliano inayosemwa Toscana, mkoa wa Italia, "Impara l'arte e mettila da parte", imefasiriwa "Jifunze sanaa na uiweke kando". Maelezo yake yanasema inahimiza maarifa kuwa njia ya kujipatia riziki, lakini mimi naisoma kinyume: ukishajifunza, achana nayo. Kosa liko wapi? Je, niandike tu "Elimu ni ufunguo wa maisha"?

JIBU: Umesoma sawasawa. Aliyeharibu ni mfasiri, na neno lililomponza zaidi ni "kando".

Kwa Kiswahili, kuweka jambo kando ni kutolishughulikia: "tuweke kando tofauti zetu". Mtaliano naye anaweza kutumia mettere da parte kwa maana hiyo, lakini ndiyo kauli anayotumia pia kwa fedha anazodunduliza. Hapa imekusudiwa maana hii ya pili. Na kitenzi chetu "kuweka" kinaibeba chenyewe bila msaada: tukisikia "chama cha kuweka na kukopa", hakuna anayeuliza kuweka nini. Ondoa "kando", na nusu ya kosa imeondoka.

Nusu nyingine ni "sanaa". Neno hili lina asili ya Kiarabu, na huko linahusu kazi ya ustadi wa mikono, kwa hiyo mfasiri hakulitoa hewani. Tatizo ni kwamba msomaji wa leo akiona "sanaa" anawaza uchoraji, muziki na maigizo. Arte ya methali hii ni kazi inayomlisha mtu. Firenze, mji mkuu wa Toscana, katika zama za kati ilikuwa na vyama 21 vya kazi, 7 vikubwa na 14 vidogo, navyo viliitwa Arti. Humo walikuwamo wafanyabiashara wa nguo za sufu, waganga na wauza dawa, wachinjaji, wahunzi, washona viatu na waoka mikate. Mhunzi hatumwiti msanii. Basi andika "ufundi" au "kazi".

Ukichagua "ufundi", angalia upatanisho. Usiandike "uweke", andika "uuweke": u- ya kwanza ni wewe, ya pili ni ufundi. Wengi huimeza moja, na sentensi inabaki bila kitu kinachowekwa. Kwa "kazi" ni "uiweke", na ulimi haukwami.

Ile "na" ya katikati nayo ni e ya Kitaliano iliyoburutwa. Kwa kawaida amri ya pili tunaiunga kwa dhamira tu, yaani kitenzi chenye kiambishi cha mtendaji na mwisho wa -e: "njoo ule", "kaa upumzike". Vivyo hivyo, "jifunze uiweke". (Amri ni "jifunze", wala si "jifunza", kwa sababu ya -ji- ya kirejeshi, inayomrudishia mtendaji tendo lake.)

"Elimu ni ufunguo wa maisha" sikushauri. Watu wakiisikia wanawaza darasa na vyeti, na methali ya Kitaliano haigusi shule wala haiahidi utajiri. Inasema ujuzi ni akiba, hata kama leo huuhitaji. Kwa wazo hilo "Akiba haiozi" iko karibu zaidi, ila haina habari ya kujifunza.

Limebaki suala la vina. Arte na parte zinagongana, na methali isiyo na mlio husahaulika upesi. Sikiliza "Mali bila daftari hupotea bila habari". Ningependekeza hivi:

Jifunze kazi uiweke,
siku ya haja uishike.

Kila kipande kina mizani 9, na kina cha mwisho ni -ke. "Siku ya haja" haimo katika asili. Nimeiongeza ili kipande cha pili kikamilike na maana ya akiba isipotee. Ikiwa kazi yako ni tafsiri ya kitaaluma, ambako kuongeza hakuruhusiwi, andika "Jifunze ufundi, uuweke akiba", na vina uviache.