Mwanangu, kabla wahusika wako hawajasema chochote, wanataka nini?

Mwanangu mpenzi,

Voisi noti yako nimeisikiliza yote na zile kurasa nimezisoma taratibu jana usiku. Umeniuliza mbona igizo lako ukilisoma linasikika kama watu wanahutubiana, na kwamba kikundi chenu kinataka kuanza mazoezi na wewe hujui urekebishe wapi. Najibu kwa kuandika maana kwenye simu utanikatiza kama kawaida yako.

Hadithi unayo mama, wala usiitupe. Kaka na dada wamefiwa na mama yao, wameachiwa cherehani, kaka ana madeni anataka kuiuza, dada ndo anaishi kwa kushona. Hapo pana igizo kabisa. Shida ni kwamba wahusika wako wanaelezana vitu ambavyo wote wawili wanavijua tayari. Angalia ulivyomuandikia dada: "Kaka, unajua kwamba marehemu mama alituachia cherehani hii, na wewe unataka kuiuza kwa sababu ya madeni yako ya bodaboda." Nani anaongea hivyo na ndugu yake wa tumbo moja? Hapo dada haongei na kaka, anaongea na watazamaji, na mtazamaji akishajua anahutubiwa anaanza kuchungulia simu.

Sasa kabla hujaandika sentensi yoyote jiulize huyu anataka nini kwa mwenzie SASA HIVI, hapa chumbani, na kwa nini hawezi kuomba waziwazi. Kaka anataka cherehani lakini anaona aibu. Dada ameshanusa, ila hataki kuwa wa kwanza kulitaja. Jaribu hivi:

KAKA: (anashika mguu wa cherehani) Huu mguu umelegea.
DADA: (anaendelea kushona) Umelegea tangu lini?
KAKA: Naangalia tu. Jamaa wa gereji anasema vyuma vya zamani hivi bado vina bei.
DADA: Huyo jamaa wa gereji anashona?
KAKA: Umekula?
DADA: (anasimamisha gurudumu kwa mkono) Anakudai shingapi?

Neno kuuza halijatajwa, marehemu hajatajwa, na mtu aliyekaa siti ya mwisho ameshaelewa kinachoendelea. Na ona kile kitendo cha kusimamisha gurudumu, ule mlio wa cherehani unakatika ghafla ukumbi mzima unasikia, ndo maana maelekezo ya jukwaani yaandike mafupi na yawe ya vitu vinavyoonekana au kusikika. Uliandika "dada anakumbuka utoto wao kwa uchungu". Muigizaji atafanya nini hapo? Mpe kitu cha kufanya kwa mikono yake.

Hili nadhani linatokana na tamthilia za kwenye TV ambazo nyie ndo mmekulia humo, kule kamera inamsogelea mtu mpaka chozi linaonekana, halafu muziki unamalizia. Jukwaani hakuna wa kumsogelea. Anayeona ni yule wa mbali pia, kwa hiyo jambo lenyewe liwe kwenye kitendo au kwenye kitu kilichosimama pale mbele. Tafuta Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya 1982, uone wanawake wa kijiji cha Patata wanavyohangaika kusimamisha nguzo, wanakuja, wanaitwa na mambo yao, wanagombana, na nguzo iko pale chini watu wote wanaiona. Hotuba nzima kuhusu matatizo ya wanawake isingefanya kazi inayofanywa na ile nguzo. Wewe cherehani yako ndo hiyo, usiiache kuwa pambo la jukwaa.

Halafu umeanza mbali mno. Msiba, mazishi, kikao cha ukoo, ndipo cherehani. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, inahusu vita vya Maji Maji, vita vikubwa vile vya 1905 mpaka 1907, lakini inaanza na wanawake wawili tu wanaongelea njaa na waume zao wanaopelekwa kwa nguvu kulima pamba. Ukimaliza mazungumzo yao unajua kwa nini watu watapigana. Kwa hiyo wewe anza siku kaka anapoingia kuangalia huo mguu, mazishi yatajitokeza yenyewe kwenye maneno yao.

Wahusika 14 ni wengi mno kwa igizo la kwanza mwanangu, nani atakuja mazoezini wote hao siku za kazi, na nauli? Bakiza wanne. Mjumbe na yule shangazi wa pili watoe. Na lisizidi kama nusu saa, ukiweza kushika watu nusu saa hilo la masaa mawili litakuja baadaye.

Ukishaandika usiwe unasoma kimoyomoyo. Soma kwa sauti, halafu wape wengine wasome wewe ukae kimya kabisa usiwaelekeze, wakijikwaa mara mbili sehemu ileile sentensi ndo ina kasoro, ikate. Rekodi kwa simu. Utashangaa maneno uliyokuwa unayaona matamu kwenye karatasi yanavyokuwa mazito mdomoni. Na ukisikia chumba kimetulia mahali fulani weka alama, usipaguse hapo hata kama sarufi haijanyooka, watu huwa wanakatisha sentensi zao na wanarukiana maneno.

Nafasi ikipatikana nenda Bagamoyo pale TaSUBa, chuo cha sanaa, wakati wa tamasha lao la kila mwaka, kaa nyuma kabisa, uangalie mtu anavyosikika bila maikrofoni.

Mwisho wa igizo umeniuliza nani apewe cherehani. Mimi sitakujibu, ila hakimu mtoe. Mtu anaingia dakika za mwisho anaamua kila kitu, wale wawili wamefanya kazi gani muda wote? Waache waamue wao, hata wakiamua vibaya. Andika miisho miwili, uwape wenzio waisome yote Jumamosi, halafu unitumie ile waliyobishania zaidi.

Baba yako anakusalimia, anauliza kama ile cherehani ni ya kwetu.

Mama