Handikapu Ina Mwenyewe, Takwimu Ni Zako: Nilivyochagua Namna ya Kuweka Rekodi za Gofu

Nilipoanza kucheza gofu hapa Nakuru miaka tisa iliyopita nilikuwa tayari mhasibu, na sidhani kuna mtu anayenaswa na takwimu za mchezo huu kwa urahisi kuliko mhasibu. Kabla sijajua kushika gongo sawasawa nilikuwa nimeshapakia programu tatu kwenye simu, na baadaye nikaongeza vihisio vya kufunga kwenye vipini vya magongo. Leo ninatumia kipande cha penseli, daftari la kurasa 96 na jedwali moja kwenye kompyuta. Wanachama wapya wa klabu huniuliza mara kwa mara watumie nini, nami kila mara huanza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya, yaani handikapu, ile namba inayopima uwezo wa mchezaji na kumpa mikwaju ya ziada (ikiwa ndogo ndivyo alivyo hodari), na takwimu za mchezo wake.

Handikapu si mali yako. Tangu mwaka 2020 inahesabiwa kwa mfumo mmoja wa dunia unaosimamiwa na R&A pamoja na USGA, vyombo viwili vinavyotunga kanuni za gofu, uliochukua nafasi ya mifumo sita iliyokuwapo awali, na wanaoruhusiwa kuitoa ni vyama vya gofu na klabu zilizo chini yao tu. Programu ya simu inaweza kukukadiria namba, lakini makadirio hayo hayana uzito wowote mezani pa nahodha siku ya mashindano. Kwa hiyo katika suala la handikapu hakuna cha kuchagua: jiunge na klabu, ingiza kadi zako katika mfumo wao, na uziingize zote, nzuri na mbaya.

Hata hivyo, ni vyema kujua namba hiyo inavyopatikana, maana asiyejua huishia kugombana na karani wa klabu bure. Kila uwanja umepimwa na kupewa namba mbili kwa kila ti, yaani mahali pa kuanzia shimo: reti, ambayo ni mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari mwenye handikapu ya 0, na slopu, inayoonyesha uwanja unavyomzidia ugumu mchezaji wa kawaida. Slopu huanzia 55 hadi 155, na 113 ndiyo ya wastani. Tuseme umepiga mikwaju 94 kwenye ti zenye reti ya 71.2 na slopu ya 125. Unatoa 71.2 katika 94 na kubaki na 22.8, kisha unazidisha kwa 113 na kugawanya kwa 125, unapata 20.6. Hiyo ndiyo tofauti ya raundi hiyo, isipokuwa siku ambayo mfumo umeongeza au kupunguza kidogo kwa sababu ya hali ya uwanja. Handikapu yako ni wastani wa tofauti 8 zilizo ndogo zaidi katika raundi zako 20 za mwisho, na haiwezi kuzidi 54. Anayeanza anahitaji mashimo 54 tu ili apewe namba ya kwanza. Wenzetu wanaocheza kwenye viwanja vya mashimo 9, na ukanda huu wa magharibi unavyo kadhaa, wafahamu kwamba tangu mabadiliko ya mwaka 2024 raundi ya mashimo 9 inapata tofauti yake papo hapo bila kungoja nyingine ya kuunganishwa nayo. Raundi uliyocheza peke yako bila mwenzako wa kukushuhudia usiihesabu.

Somo hilo nilijifunza Kisumu, kwa aibu. Nilikuwa nimealikwa mashindanoni, nikajaza fomu kwa namba iliyokuwa kwenye simu yangu, 21. Mama aliyekuwa akiandikisha wachezaji alifungua mfumo, akaniangalia juu ya miwani, akasema taratibu, "Kaka, hapa unasomeka 17." Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wanane, na hakuna hata mmoja ambaye hakusikia. Mikwaju minne ya bure katika mchezo wa alama inatosha kumpeleka mtu nyumbani na zawadi, na mwenye tabia hiyo huitwa mwizi wa handikapu.

Nilipochunguza nikakuta makosa mawili. Programu ilikuwa imebeba reti na slopu za ti za mbele ilhali mimi nilikuwa nikicheza za nyuma, kwa hiyo kila raundi ilionekana mbovu kuliko ilivyokuwa. Pili, ilikuwa ikihesabu kila mkwaju niliopiga. Mfumo rasmi huweka kikomo kwa kila shimo: pa ya shimo (mikwaju iliyowekwa kuwa kipimo chake), ongeza mikwaju miwili, ongeza na mikwaju unayopewa na handikapu yako hapo. Mchezaji wa handikapu 18 akipiga 11 kwenye shimo la pa 4, anaandikiwa 7. Mimi nilikuwa na mashimo ya namna hiyo mengi, na programu iliyahesabu yote yalivyo. Anayetaka kutumia programu kama kumbukumbu basi na ahakikishe kwanza mambo hayo mawili.

Takwimu ni habari tofauti kabisa. Hizo ni zako, hakuna wa kukuuliza, na hapo ndipo penye uchaguzi wa kweli. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba rekodi nyingi ndizo bora. Vihisio vile vya kwenye vipini vilinasa kila mkwaju na kuchora ramani ya raundi nzima, jambo lililonifurahisha kwa muda wa kama miezi miwili. Lakini vilikosa mikwaju mifupi ya kwenye grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, vikahesabu baadhi ya mikwaju ya mazoezi, na jioni nilijikuta nusu saa nzima nikiketi kuisahihisha ramani wakati wenzangu wanakula nyama. Mwenye handikapu ya 5 anayesaka yadi tatu za ziada pengine atafaidika navyo. Kwa sisi wa 15 kwenda juu, sioni.

Kisha simu yangu ikaibwa stendi ya matatu, na ada ya mwaka ilikuwa imeisha, na ile programu haikuwa na njia ya kutoa rekodi nje. Raundi za miaka miwili zikaenda. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa programu yoyote ni hili: je, naweza kutoa rekodi zangu zote kama jedwali na kuziweka kwangu? Likikosa jibu, siendelei kusoma sifa nyingine.

Zaidi ya hapo, takwimu nyingi zinazopendwa hudanganya. Kuna Jumamosi nilitumia pati, yaani mikwaju ya kwenye grini, 29 tu, nikajigamba kwenye baa ya klabu, ilhali kadi ilisoma 97. Wiki iliyofuata nilipiga 88 kwa pati 35. Maelezo ni rahisi: ile Jumamosi sikuifikia karibu grini yoyote kwa mkwaju uliotakiwa, nikawa napigia kutoka pembeni na mpira unatua karibu na shimo, ndiyo maana pati zilikuwa chache. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alipendekeza njia bora, ya kupima kila mkwaju kwa kulinganisha mikwaju inayotarajiwa kubaki kabla na baada yake, na PGA Tour, msururu wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, ikaanza kuitumia kwa pati mwaka 2011. Kulingana na rekodi za huko, hata wachezaji wa kulipwa kutoka futi 8 hutumbukiza takriban nusu tu. Nilipolijua hilo niliacha kujilaumu kwa pati za futi 8, nikaanza kutazama zile za futi 40 ninazoziacha mbali na kupiga tatu. Hesabu kamili ya Broadie inahitaji umbali wa kila mkwaju, kazi ambayo siifanyi, lakini fikra yake inatosha.

Basi daftari langu lina safu nne tu baada ya mikwaju ya shimo: mikwaju ya adhabu, kama nilitumia pati tatu, grini niliyoikosa kwa upande gani, na mpira wa kwanza kama ulibaki mchezoni. Naandika alama ndogo nyuma ya kadi nikitembea kuelekea ti inayofuata, na usiku nahamishia kwenye jedwali kwa dakika tano. Penseli si mapambo, kwani mvua ya alasiri ikishuka kutoka Menengai, wino huwa matope. Miezi minne ya kwanza ya daftari hilo ilinionyesha jambo ambalo vihisio havikuwahi kulisema waziwazi: katika kila grini kumi nilizozikosa, saba nilizikosa kwa mpira kuishia kabla ya kufika. Sikuhitaji kubadilisha namna ya kupiga, nilihitaji kuchukua gongo refu zaidi.

Chombo ambacho hakiuzwi dukani ni kedi, mbebaji wa magongo. Kedi wangu wa kawaida ni mzee aliyetangulia kuuona uwanja ule miaka mingi kabla yangu. Siku moja niliandika 6 kwenye shimo, akangoja wenzangu watangulie, akasema, "Mkubwa, weka saba. Ule mkwaju wa kwenye nyasi ulipita juu ya mpira, nami nilikuwa nimesimama hapo." Nilifuta. Nyingi ya rekodi zangu za zamani, nadhani, zilikuwa na mikwaju ya aina hiyo iliyosahaulika.

Jambo moja la mahali, kwa wanaocheza Nakuru na kusafiri Kisumu kama mimi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu karibu mita 1,130, na hewa nyepesi ya huku juu huufikisha mpira mbali zaidi. Gongo la chuma namba 7 linalonipa yadi 140 Nakuru hunipa pungufu ya yadi tano au sita kule ziwani. Programu niliyokuwa nayo ilichanganya zote na kunipa wastani usiofaa kwa uwanja wowote, hivyo sasa kila mstari wa jedwali una jina la uwanja, na umbali wa Kisumu nimeuweka kwenye ukurasa wake, nyuma ya daftari, ambako naufungua nikifika Ahero, mji ulio kabla ya Kisumu.