Kuumba, kutengeneza au kunakili mtu? Swali kutoka Moshi

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Moshi, nafundisha vijana usharikani kwetu. Jumapili tulikuwa tunajadili Mkristo aseme nini kuhusu kloni ya binadamu, yani kuzalisha mtu mwenye vinasaba (maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli) vilevile vya mtu mwingine, kijana mmoja akasema "wanasayansi wanataka kuumba mtu", mzee wa kanisa akamkatiza palepale kwamba anayeumba ni Mungu peke yake. Mwingine akasema tuseme kutengeneza, mwingine kunakili. Lipi ni sahihi? Na ni kloni hii au kloni huyu?

Jibu: Marahaba mama. Mzee yuko sahihi, ila sio kwa sababu ya imani tu. Yule kondoo Dolly, kloni aliyezaliwa Uskoti mwaka 1996, hakuna aliyemuumba, walichukua seli ya kiwele cha kondoo wa miaka sita, wakaiunganisha na yai la kondoo mwingine lililotolewa kiini chake, yani sehemu yenye vinasaba, wakapandikiza kwenye tumbo la kondoo wa tatu, na walijaribu mara 277 ndo wakampata huyo mmoja. Sasa hapo kila kitu kilikuwepo tayari na kilikuwa hai, kwa hiyo kuumba hakuna, na ukilitumia kwa vijana mjadala unahamia kwenye nani ana uwezo kama Mungu, swali lenyewe mnaliacha.

Kutengeneza nalo uwe nalo makini, maana hilo ndo shtaka lenyewe. Wakristo wengi wanaopinga wanasema hivi, mtoto unampokea, humuagizi kwa vipimo unavyotaka wewe. Kanisa Katoliki lilishapinga tangu waraka wa 1987, na ule wa 2008 ukasema kumpangia mtu vinasaba vya mwingine ni aina ya utumwa wa kibayolojia. Kwa hiyo ukisema "mtu aliyetengenezwa" tangu mwanzo wa kipindi umeshahukumu kabla hamjajadili, na mbaya zaidi umemhukumu mtoto badala ya waliomfanyia.

Kunakili ndo silipendi kabisa, naomba mliache. Ukienda steshenari kutoa fotokopi ya cheti inatoka hapohapo imekamilika, hadi doa la chai la kwenye orijino limo. Mtu hatoki hivyo! Angeanza seli moja, abebwe miezi tisa, anyonye, akue kwenye nyumba nyingine na zama nyingine, kimsingi angekuwa pacha aliyechelewa kuzaliwa. Na mapacha wa kufanana tunao mitaani kila siku, vinasaba vyao ni vilevile na hatujawahi kuuliza nani kati yao hana roho. Halafu Mwanzo 1:27 inasema Mungu aliumba mtu kwa mfano wake, sio nakala, na mfano huo haukai kwenye vinasaba hata mtu aweze kuupunguza maabara. Mimi hili naliona ni zito kuliko mabishano yote ya istilahi, maana kijana akizoea kumwita mtu kopi kesho atamuona wa daraja la pili.

Sasa mseme nini? Semeni kloni, na kitendo semeni kuzalisha kwa njia ya kloni. Ni la kigeni lakini limetoka shambani, asili yake ni Kigiriki, klon, yani kitawi au chipukizi, na wataalamu wa mimea ndo walianza kulitumia mwaka 1903. Hapo Moshi mnalijua vizuri kuliko mimi wa Arusha mjini, mama akienda kihambani, shamba la migomba la nyumbani, anang'oa chipukizi pembeni ya mgomba anaenda kulipanda upande wa pili, hiyo ni kloni ya mgomba mama, haikutoka kwenye mbegu. Waanzishie hapo vijana, halafu waulize kwa nini kwa mgomba hatuna shida ila kwa mtu moyo unakataa. Watajibu wenyewe, na wengi watafika kwenye lile la kupokea na kuagiza bila wewe kuwasukuma.

Kuhusu ngeli, chipukizi la mgomba ni kloni hii, kloni hizi. Kiumbe mwenye uhai kama kondoo au mtu anafuata a-wa hata kama jina halina m- mbele, kama tunavyosema kipofu huyu na sio kipofu hiki. Kwa hiyo akizaliwa binadamu kwa njia hiyo, tunayempinga ni aliyefanya, yeye ni kloni huyu, amezaliwa, analia, anabatizwa kama wengine.