Maua chini ya mwembe

Tabora, mwenye mwembe uani akitaka maua atakutana na jambo lilelile: jembe linagonga mzizi kabla halijazama. Kuna wanaosema ukate mti, yaishe. Mimi siukati. Kivuli cha Oktoba nitakipata wapi, na maembe ya Desemba nani atanirudishia?

Basi acha kulima tuta zima. Mizizi midogo inayonyonya maji iko juujuu, mingi yake ndani ya sentimita 30 za mwanzo. Ukiichakaza yote, mti unadhoofika, na mzizi mkubwa uliokatwa huingiza uozo. Badala ya jembe nashika kisu kikuukuu cha jikoni. Napapasa udongo kwa vidole; nikigusa mzizi mnene kuliko kidole gumba, nasogea kando. Zile nyuzinyuzi nazikata bila huruma, maana huota tena upesi. Shimo likienea ngumi, mche mmoja umepata makazi. Ndiyo maana nanunua miche michanga ya kwenye vifuko, si yale maua makubwa ya bei yenye donge la udongo lisiloingia popote. Natia samadi iliyooza, napanda, natandaza majani makavu ya mwembe, ila siyarundiki kwenye shina.

Usikubali kuuziwa tripu ya udongo wa kufunika mizizi. Tuta litapendeza kwa muda, kisha mizizi itapanda humohumo, na mti nao utakosa hewa.

Kuhusu cha kupanda, waridi sahau, linataka jua. Begonia huvumilia kivuli ukiimwagilia. Sansevieria, ule mmea wa majani marefu magumu yaliyosimama, haidai kitu. Lakini ninalolipenda kuliko yote ni lile ua jekundu la mviringo linalochomoza kwenye miombo mvua zikianza, wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Kiangazi chote kitunguu chake kimelala ardhini, kwa hiyo wakati maji ni haba hakigombanii na mwembe. Kitunguu hicho kipandwe kabla ya mvua za Novemba, shingo ikiwa usawa wa udongo. Kina sumu, kwa hiyo watoto na mbuzi wakae mbali.

Maji ya kunyunyiza kidogokidogo kila jioni huishia kwa mwembe. Chukua chupa ya plastiki, itoboe kwa sindano karibu na kitako, ichimbie nusu kando ya mche, ijaze. Maji yanadondoka taratibu palepale penye mizizi ya ua. Miche mipya ihudumie hivyo msimu wake wote wa kwanza wa kiangazi, hata kama inaonekana imeshika.

Penye mizizi iliyosongamana hata kisu hakipiti, weka vyungu, lakini juu ya matofali. Chungu kikikaa chini, mzizi wa mwembe huingia kwenye tundu la kitako, na siku ya kukihamisha utalazimika kukivunja.